Vuli Imefika, Ua Lako Bado Limenuna?

Hapa mjini kuna watu wana ugomvi na maua. Siyo maua yote, hapana. Asumini haina maneno, ukiimwagilia nayo inanukia. Bogenvilia ndiyo kabisa, hata ukiisahau mwezi mzima unarudi unaikuta imejaa ukutani, rangi kibao. Ugomvi ni na haya maua yanayoota kutoka kwenye kitu kama kitunguu. Unakinunua barabarani, muuzaji anakuapia kwamba vuli ikifika utaona maajabu. Unakipanda kwenye ndoo ya rangi iliyokwisha, unakimwagilia asubuhi na jioni kama unayelea mtoto mchanga. Mwaka wa kwanza unapata majani. Mwaka wa pili majani. Mwaka wa tatu majani tena, manene, marefu, ya kijani kibichi... Ua? Ng'o!

Kinachouma zaidi ni jirani. Yeye cha kwake alikitupa uani kule, hana habari nacho, wala hakumbuki kama kipo. Mvua mbili tatu za Oktoba zikidondoka, huyo, kimetoa kikonyo na ua jekundu la kufa mtu! Wewe mwenye kopo la kumwagilia unabaki kutumbua macho. Ndipo maneno yanapoanza: eti una mkono mzito, eti una gundu, eti ulichouziwa kilikuwa dume.

Hakuna cha gundu wala cha dume. Jibu lipo, tena lipo njiani kuelekea Bagamoyo, kilomita kama 70 hivi kutoka katikati ya Dar es Salaam. Basi wiki hii funga viatu, tupande daladala twende zetu kaskazini tukalitafute.

KWANZA TUWAJUE WAHUSIKA

Kabla gari halijajaa, tutambulishane. Wataalamu kile kitunguu cha ua wanakiita tunguu. Ni ghala. Mmea unajipikia chakula kwenye majani, unakishusha chini, unakihifadhi humo kwa ajili ya siku za njaa. Hapa mwambao wetu utakutana na wa aina tatu mara kwa mara.

Wa kwanza ni yule mwenye tarumbeta kubwa jekundu, au jeupe lenye mistari. Watu wa vitalu wanamwita amarilisi, lakini kwenye vitabu jina lake ni Hippeastrum. Kwao ni Amerika ya Kusini. Hawa wa kuchanganya mbegu walianza kuonekana mwaka 1799, pale fundi saa mmoja wa Uingereza, Arthur Johnson, alipopandisha aina mbili na kupata ua jipya. Fundi saa! Kumbuka hilo, maana huu mchezo wote ni wa saa na majira.

Wa pili ni mdogo, majani yake kama nyasi, ua lake la waridi au jeupe. Ni Zephyranthes, naye mwenyeji wa Amerika, ambaye wengi wanamjua kama yungiyungi la mvua. Mvua ikinyesha baada ya ukame, siku chache tu baadaye uwanja mzima umechanua kama vile watu wamepigiana simu.

Wa tatu ndiye mwenyewe, mtoto wa nyumbani: Scadoxus multiflorus. Huyu ni wa Afrika yetu hii, kusini mwa Sahara, wa misitu na vichaka. Mvua za kwanza zinamwamsha, anatoa kikonyo kimoja, na juu yake tufe jekundu lililoundwa na viua vidogo vidogo ambavyo vinaweza kufika 200. Mara nyingi ua linatangulia, majani yanafuata. Kila mtaa una jina lake, hapa sisi tumwite tufe la moto. Waholanzi wanamuuza kwa wapenzi wa maua huko Ulaya, wakati huku kwetu wapo wanaompita njiani wakidhani ni gugu.

Wote watatu ni ndugu wa ukoo mmoja, na wote wana tabia moja inayowaponza watu wa mjini. Wanataka kulala.

KUTOKA MAKUMBUSHO

Gari za Bagamoyo tunazipandia Makumbusho. Ukipata kiti cha dirishani upande wa kushoto umepata bahati, maana ukitoka Mwenge, ukapita Lugalo na Tangi Bovu hadi Tegeta, kazi yako itakuwa kuangalia vitalu. Vimejipanga pembeni ya barabara: viroba vyeusi, vyungu vya saruji, minazi mifupi ya urembo, na mpira wa maji ambao haupumziki toka asubuhi mpaka jua linazama.

Hapo ndipo penye siri, msomaji wangu. Kwenye kitalu hakuna kiangazi wala kipupwe. Kuna mpira wa maji. Kitu kinachonunuliwa lazima kiwe kibichi, maana nani atanunua kiroba cha udongo mkavu usio na jani hata moja? Basi muuzaji anamwagilia Januari, anamwagilia Julai, anamwagilia Septemba. Wewe ukikipeleka nyumbani Sinza au Kijitonyama unaendeleza pale pale alipoishia. Tunguu linakaa macho mwaka mzima, halijui lini ni lini.

Pale Tegeta, chini ya kilima cha Wazo chenye kiwanda cha saruji, dada mmoja alikuwa amekuja kumdai mzee wa kitalu haki yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Mzee, lile ua ulilonipa halitoi kitu. Mwaka wa tatu huu, majani tu!"

Mzee wala hakushtuka. "Unalipa maji?"

"Kila siku! Asubuhi na jioni."

"Na mbolea?"

"Ya kuku, nyingi tu."

Mzee akacheka mpaka kofia ikataka kuanguka. "Mwanangu, wewe ungekuwa unalala kitandani, unaletewa pilau asubuhi na biriani jioni, ungehangaika kutafuta mchumba?"

Abiria waliokuwa wanasubiri gari wakaangua kicheko. Dada naye akacheka, japo kwa shingo upande. Lakini ndani ya utani wa mzee kuna elimu ya kweli kabisa. Mbolea ya kuku, hasa ikiwa mbichi, ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni kazi yake kubwa ni kujenga majani. Ukiizidisha unapata shamba la mchicha. Na maji yasiyokatika yanalinyima tunguu kile kipindi cha ukavu ambacho kwalo ni kama kengele ya shule: bila hiyo halijui kwamba zamu ya majani imekwisha na zamu ya ua imefika.

MPIJI NA KUENDELEA

Ukimaliza Boko na Bunju unavuka mto Mpiji, unaingia Mkoa wa Pwani. Mapinga, Kerege, Zinga... Nyumba mpya ziko nyingi siku hizi, kuta za matofali zinakimbizana na barabara, lakini katikati bado kuna viwanja vya mikorosho, minazi na vichaka. Ukipita Agosti utaona majani yamekuwa ya rangi ya kahawia, vumbi limelala juu ya kila kitu. Ukipita mwisho wa Novemba baada ya mvua kuanza utadhani umepelekwa nchi nyingine.

Huku majira bado yanaonekana kwa macho. Masika ni Machi hadi Mei, mvua za kuangusha kuta. Kipupwe kinafuata, Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unavuma, asubuhi kuna kabaridi. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, mvua fupi fupi. Kisha Januari na Februari kiangazi, joto la kuchemsha ubongo, upepo umegeuka kaskazi. Mvuvi wa Bagamoyo anaijua ratiba hii bila kalenda ukutani, kwa sababu ndiyo inayomwambia atoke upande gani na tanga lake.

Tufe la moto nalo linaijua. Vuli linaamka na kuchanua. Majani yanafuata, yanafanya kazi ya kupika chakula hadi masika yaishe. Kipupwe kikiingia majani yananjano, yanalala chini, yanakufa. Juni hadi Septemba hakuna kitu juu ya ardhi. Mtu asiyejua anasema limekufa, analing'oa, anatupa. Kumbe chini kule bwana mkubwa amejifunika shuka, na tumba la ua la msimu ujao tayari limo ndani, dogo, limekunjwa, linasubiri tone.

Hapo ndipo pa kuelewa, maana watu wengi wanaanza kulishughulikia ua mwezi wa Oktoba, wakati kazi imekwisha zamani. Kwa amarilisi, kwa mfano, tunguu kubwa linatengeneza tumba moja kwa kila majani manne hivi linayoyatoa, na tumba hilo linakaa ndani miezi mingi kabla halijatokeza. Kwa hiyo ua unaloliona vuli hii lililipiwa na majani ya zamani. Sasa yule anayekata majani mabichi eti kufanya usafi kabla ya sikukuu, anadhani anapendezesha ua wake, kumbe anachoma ghala. Mwakani asimlaumu mtu.

HATA WAZUNGU WANALIA

Usidhani ni tabu yetu peke yetu. Huko Uingereza kuna ua linaitwa Nerine, la waridi au jekundu, ambalo kwao ni Afrika ya Kusini. Aina yake moja maarufu hutoka Mlima wa Meza kule Cape Town, na kwa jina lake la kisayansi imebebeshwa kisiwa cha Guernsey, ambako inapandwa tangu karne ya 17. Kwao linachanua Machi hadi Mei, majira yao ya majani kupukutika. Ulaya likaambiwa majira hayo ni Septemba na Oktoba. Likageuza saa, likazoea. Lakini mpaka leo wenye bustani wa kule wanalalamika kwamba linatoa majani tu, na wenzao waliozoea wanawajibu yale yale ya mzee wa Tegeta: acha likauke wakati wa mapumziko, acha lijibane, acha kulihamisha hamisha.

Na hapa tuseme jambo moja. Ukisoma kwenye pakiti kwamba ua ni la "majira ya kupukutika majani", usikimbilie kufuata miezi iliyoandikwa. Wapo wanaoyatafsiri majira hayo kuwa "vuli", na miezi inalingana kweli, Oktoba na Novemba. Lakini kule majani yanaanguka na baridi inaingia, huku kwetu mvua inaanza na joto linapanda. Jina moja, mambo mawili tofauti kabisa.

Ndiyo maana kuna maua mengine ni ya kuyasamehe tu. Tulipu la Uholanzi linataka baridi ya kwenye nyuzi 9 kwenda chini kwa wiki 12 hadi 16 mfululizo ndipo litoe ua la maana. Bagamoyo hata usiku wa Julai ni kabaridi ka kujifunika khanga, basi. Wapo wanaoweka matunguu kwenye friji. Sawa, jaribu, lakini usiyachanganye na maembe au ndizi zinazoiva, maana matunda yakiiva yanatoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo inaweza kuliua tumba humo humo ndani. Na ukishafanikiwa, furahia hiyo hiyo mara moja, mwakani utaanza upya. Hilo ni ua la mgeni, halikai.

BAGAMOYO, BWAGA MOYO

Haya, tumefika. Stendi ya Bagamoyo, kelele, machungwa, pweza wa kukaanga kwa mbali. Wengi wakishuka hapa wanakimbilia ufukweni au kununua vinyago. Wewe leo nenda na macho ya maua.

Anza na Misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868 na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa. Kuna njia iliyopangwa miembe mikubwa, kivuli chake ni raha tupu. Hawa mapadri walikuwa wakulima hasa. Kahawa waliyoileta ilikuwa ya asili ya kisiwa cha Réunion, na Kenya mpaka leo kuna aina ya kahawa inayoitwa French Mission kwa sababu yao. Mmoja wao, Padri Charles Sacleux, aliyekuja upande huu mwaka 1879, alikuwa na ugonjwa wa aina mbili: kukusanya maneno na kukusanya mimea. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilichapwa Paris mwaka 1939, na mimea ya jamii moja ikapewa jina la Sacleuxia kumkumbuka. Mtu huyo alijua kwamba ukitaka kuuelewa mmea wa hapa, anza kwa kumsikiliza mtu wa hapa.

Ukitoka hapo nenda Kaole, kusini kidogo ya mji, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe ya matumbawe. Angalia ardhi. Mchanga, mawe, majani makavu yaliyooza juu juu. Maji yakimwagika yanazama mara moja, hayatuami. Hii ndiyo nyumba ambayo mmea wa tunguu ungeichagua mwenyewe: inalowa mvua ikinyesha, inakauka mvua ikikatika. Sasa linganisha na ndoo yako isiyotobolewa chini, yenye udongo mweusi mzito wa lori, imejaa maji kama supu. Tunguu linaoza kimya kimya na wewe unaongeza maji kwa sababu majani yananyauka!

Wenyeji watakuhadithia kuhusu jina la mji huu. Wako wanaosema linatokana na kubwaga moyo, kupumzika baada ya safari ndefu ya kutoka bara. Wengine wanasema ni machungu ya waliotekwa, wakauacha moyo wao hapa kabla ya kuvushwa bahari. Historia hiyo ni nzito na hatuwezi kuifanyia mzaha. Lakini hiyo maana ya kwanza, ya kutua mzigo na kupumua, ndiyo hasa ambayo ua lako linaililia kila mwaka na wewe hutaki kulipa.

SASA FANYA HIVI

Tusije tukarudi mikono mitupu. Haya ni maelekezo, yakate uyabandike ukutani.

Chombo. Kiwe na matundu chini, na kisiwe kikubwa mno. Kwa amarilisi acha nafasi ya vidole viwili hadi vitatu kati ya tunguu na ukingo. Maua haya yanapenda kubanana, kama abiria wa gari la mwisho.

Udongo. Changanya mchanga wa mto na majani yaliyooza vizuri. Mchanga wa ufukweni acha, una chumvi.

Kina. Hapa wengi wanazika kama wanazika maiti. Shingo ya amarilisi ikae nje, hata theluthi ya tunguu au zaidi ionekane. Tufe la moto shingo yake ilingane na uso wa udongo. Yungiyungi la mvua ndilo linafunikwa, sentimita 3 hadi 5 hivi, tena mengi pamoja.

Jua. Amarilisi na yungiyungi la mvua wanataka jua la nusu siku au zaidi. Ukiwaficha barazani gizani watakupa majani marefu yaliyolegea. Tufe la moto ni mtoto wa kichakani, lipe kivuli chepesi.

Maji. Toka mvua za vuli hadi mwisho wa masika, majani yakiwa mabichi, mwagilia kila udongo ukikauka juu. Na usilisahau Januari na Februari, maana hapo bado liko kazini. Kuanzia Juni punguza. Majani ya tufe la moto yakishanyauka yenyewe, acha kabisa, sogeza chombo mahali pasiponyeshewa hadi Oktoba. Amarilisi naye mpe wiki 8 hadi 10 za ukavu, Julai hadi Septemba, hata kama majani machache yatabaki. Kisha mmwagie maji mara moja ya kutosha, halafu subiri kikonyo. Yungiyungi la mvua ni rahisi zaidi: liache likauke wiki kadhaa, halafu lilowanishe chapachapa kama mvua ya kweli. Tonetone la kila siku halilishtui.

Chumvi. Watu wa Mbezi Beach, Kunduchi na Bagamoyo yenyewe mnanielewa. Visima vingi vya mwambao maji yake yana chumvi. Ukiona ncha za majani zinaungua, anza kukinga maji ya mvua kwenye pipa.

Mbolea. Samadi iliyooza vizuri, kidogo, mwanzoni mwa vuli na tena masika. Majivu ya kuni yanasaidia kwa sababu yana potashi, lakini udongo wa huku wenye mawe ya matumbawe tayari una chokaa nyingi, kwa hiyo kijiko kimoja kinatosha. Yurea waachie wenye mahindi.

Wadudu. Kuna viwavi weusi wenye madoa ya njano iliyofifia, wanakula majani usiku mmoja na kushuka hadi ndani ya tunguu. Wakague mara kwa mara, waokote kwa mkono.

Umri. Tunguu lililooteshwa kwa mbegu linaweza kukaa miaka 3 hadi 5 bila kuchanua, na hakuna maombi yatakayolikimbiza. Na ukilihamisha tufe la moto, mara nyingi linasusa msimu mmoja. Lipe nafasi, litarudi.

Na jambo la mwisho, hili halina mzaha. Usiweke matunguu haya jikoni karibu na vitunguu vya kula. Yana sumu. Ndugu zake hawa wana kemikali ya laikorini inayotapisha na kusumbua tumbo vibaya, na tufe la moto limetumika sehemu mbalimbali za Afrika kutengeneza sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Mtoto akichezea na kutia mdomoni, usisubiri kuona itakuwaje, kimbia hospitali.

WA MSITUNI WAACHE

Sasa kuna biashara moja ambayo lazima tuisemee, maana ndipo penye hasara kubwa kuliko ndoo yako ya Sinza. Tufe la moto halihitaji kitalu. Mtu mwenye jembe anaweza kuingia kichakani baada ya mvua za kwanza, akafuata maua mekundu, akayang'oa moja baada ya jingine, jioni yuko barabarani na kikapu. Wewe unayapenda kwa sababu unayaona yakiwa yamechanua, unanunua, unafika nyumbani. Limekatwa mizizi katikati ya kazi yake. Majani halijatoa bado. Mwaka unaofuata halichanui, unalimwagilia zaidi, linaoza. Wewe umepoteza hela yako, muuzaji amekula yake, na msitu umepungukiwa na mmea uliochukua miaka kukua. Kisha vuli nyingine unanunua jingine.

Na misitu yenyewe ya mwambao imebaki vipande vipande. Pande, nyuma ya Bunju, ni pori la akiba. Zaraninge, kaskazini zaidi, iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005. Huko kung'oa ni kuvunja sheria. Lakini vichaka vya katikati, vile vya Mapinga na Kerege visivyo na jina wala mlinzi, ndivyo vinavyokatwa kwa mkaa na viwanja, na hakuna anayehesabu kilichokuwa chini ya ardhi tingatinga linapopita Agosti, wakati matunguu yote yamelala na hayaonekani.

Kwa hiyo ukifika kitalu chochote kati ya Mwenge na Bagamoyo, muulize muuzaji maswali mawili. La kwanza: hili umelikuza mwenyewe au limetoka porini? La pili: lina watoto? Matunguu yanazaa pembeni, na mtoto aliyetenganishwa wakati wa kulala, Agosti au Septemba, anashika vizuri kuliko mkubwa aliyeng'olewa akiwa na ua kichwani. Bora zaidi, muombe jirani yako yule mwenye ua la kufa mtu. Atakupa bure, na ugomvi utaisha.

Ukiwa na kiwanja chako huko Zinga na unataka kuanza kujenga, subiri mvua za vuli zipige mara mbili kabla hujaita tingatinga. Tembea kiwanja chote asubuhi. Ukiona tufe jekundu limetokeza, weka kijiti pembeni yake, liache litoe majani na lipike chakula chake. Likilala, kipupwe kijacho, ndipo ulichimbe na udongo wake, ulipande kwenye kona ambayo nyumba haitafika. Utakuwa na bustani kabla hujawa na ukuta.

Na kama ni mpangaji wa chumba kimoja, huna kiwanja wala kona, si neno. Ndoo moja yenye matundu inatosha. Ikifika Juni igeuzie mgongo, mwambie na mwenye nyumba asiguse. Atakuuliza kwa nini unatunza ndoo ya udongo mkavu. Mwambie asubiri Oktoba.